Madirisha Mawili, Kufuli Moja

Barabara yenyewe ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mtu wa ghorofa ya pili upande huu akipiga chafya, wa ghorofa ya pili upande ule humwambia "Afya!" bila kupaza sauti. Upande huu, juu ya duka la rangi, aliuza kijana aliyeitwa na mtaa mzima Nusu Bei. Upande ule, juu ya fundi cherehani, aliuza dada yake wa tumbo moja, ambaye watu walimwita Dada Risiti, kwa kuwa hata ukimwazima kalamu alikuandikia. Bidhaa yao ilikuwa moja, kampuni waliyonunua kwake ilikuwa moja, na chakula walichokula kilitoka sufuria moja. Lakini mwaka mzima walikuwa hawajasalimiana ila kwa ubao.

Waliuza vyeti vya usalama wa tovuti. Cheti hiki hakina karatasi wala muhuri. Hukaa ndani ya kompyuta inayobeba tovuti, na kazi yake ni kumhakikishia mteja kwamba anaongea na duka lenyewe, si na tapeli, na kwamba maneno yao hayasikilizwi njiani. Kikiwepo, pembeni ya anwani huonekana kufuli ndogo. Kikiisha muda, simu ya mteja hugeuka mama wa kambo: hukaripia, hutisha, humfukuza mgeni mlangoni.

Zamani walikuwa na ofisi moja, meza mbili zikitazamana. Siku moja akaja mwenye hoteli. Dada akamtajia noti nne kwa cheti, akamweleza na sababu zake, mteja akawa ameshaingiza mkono mfukoni. Nusu Bei, ambaye damu yake ilichemka haraka kuliko chai, akadakia kutoka meza ya pili: "Mimi nakupa kwa mbili!"

Mteja alilipa mbili, akaondoka anacheka.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni," dada akasema.

"Nimempata mteja."

"Nilikuwa naye tayari! Alikuwa kwapani kwangu kama kipimajoto!"

Kesho yake asubuhi waligawana viti, wakagawana nyaya, na kalenda ya ukutani wakaikata katikati, kila mmoja akachukua miezi sita. Jambo hilo Mama yao alilisimulia mpaka kwenye foleni ya benki.

Basi Nusu Bei akafungua dirisha lake, akatundika ubao. Hakuna aliyemfundisha kutunga. Alijifundisha mwenyewe kwa kuhesabu silabi vidoleni huku akingoja mtandao urudi, na alijivuna kwa hilo kuliko kwa biashara yenyewe. Akaandika kwa chaki nyeupe:

*Kwa nini ulipe ghali, kufuli ni ileile?*
*Njoo kwangu, siko mbali, nusu bei na milele.*

Watu wakasimama barabarani, wakasoma, wakashangilia. Haikupita saa moja, dirisha la pili likafunguka. Dada naye hakuwa bubu. Kalamu ilikuwa ya ukoo.

*Nusu Bei wa jirani, ukimwita atakuja?*
*Mimi simu mkononi, hujaita nimekuja.*

Mafundi cherehani walizima mashine ili wapige makofi. Nusu Bei akafuta ubao wake kwa kiganja, akajibu:

*Anayeuza maneno, bidhaa yake ni bure.*
*Dada, funga lako neno, mteja usimkere.*

Ikawa ndiyo desturi. Kila Jumatatu ubao mpya. Wauzaji wa duka la rangi waliwekeana dau nani atashinda wiki hiyo. Mama ndiye pekee aliyekataa upande. Alipika sufuria moja, akajaza mabakuli mawili, akapanda ngazi hizi, akashuka, akapanda zile. "Nimezaa watoto wawili," alisema akihema, "wote vinywa. Laiti mmoja angekuwa masikio."

Ukiacha kelele za madirishani, kila mmoja alikuwa na njia yake ya kuuza, na kila njia ilikuwa na ugonjwa wake.

Dada Risiti alikuwa na daftari. Kila mteja alikuwa na ukurasa, na kila ukurasa siku ya kuisha cheti. Ikibaki mwezi, alipiga simu. Ikibaki wiki, alipiga tena. Siku yenyewe ikifika, alipiga ya tatu, hata kama kazi imeshakwisha, kusema tu: "Kufuli yako ipo, lala salama." Wateja wake walimpenda kama mkunga. Lakini walikuwa wachache, kwa hiyo alinunua kwa bei ya mtu baki: noti mbili na nusu. Hata angetaka kuifikia mbili ya ndugu yake, angekula hasara.

Nusu Bei yeye alikuwa hodari wa kununua. Alikwenda kwa kampuni ya jumla, akakaa na ofisa wao tangu asubuhi hadi mashine ya kahawa ikaishiwa maji, akatoka na mkataba ambao hakuna wakala wa rika lake aliyewahi kuupata: kila cheti kwa noti moja na nusu. Sharti lilikuwa moja. Kwa mwaka auze elfu moja. Asipofika, bei itapanda mbili na nusu, na yeye mbele za watu ameahidi kuuza kwa mbili, na milele. Kila cheti kitamla nusu noti. Duka la namna hiyo halihitaji mwizi.

Na sasa zilibaki siku nane mwaka wa mkataba uishe, naye alikuwa ameuza mia nane hamsini na mbili. Hakumwambia mtu. Alitunga beti za kujigamba mchana, na asubuhi alizunguka maduka ya viatu, saluni na gereji akiwauliza kama wana tovuti. Nusu yao walimwuliza tovuti ni nini.

Ndipo simu ya Mwenyekiti ilipomfikia. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mfamasia, mkuu wa chama cha wenye maduka ya dawa. Maduka mia moja hamsini na mawili, kila moja na tovuti yake ya kuagizia dawa. Walitaka wakala mmoja wa vyeti vyote. "Nitakuja Alhamisi saa nne kasoro robo," alisema. "Bei iwe tayari, na viti viwe imara."

Nusu Bei alipiga hesabu. Mia nane hamsini na mbili, ongeza mia moja hamsini na mbili. Elfu moja na nne! Akaruka mpaka feni ikamkosakosa. Akikosa maduka hayo, anafunga mlango na kuomba kazi kwa shemeji, kuhesabu magunia ya saruji. Akiyapata, amepona.

Alhamisi alinyoa, akapiga pasi shati, akafagia hadi nyuma ya kabati. Mwenyekiti akafika kwa wakati, akishika kuta, akaketi, akapangusa miwani.

"Sasa mwite mwenzio."

"Mwenzangu yupi, mama?"

"Wa dirishani. Huyo mnayerushiana vina. Nilikuwa niende kwake baadaye, lakini magoti yangu ni ya ngazi moja kwa siku. Leteni bei zenu hapa hapa, niwasikie wote."

Shingo ya Nusu Bei ilikakamaa. Lakini mia moja hamsini na mbili ni mia moja hamsini na mbili. Alifungua dirisha, akajikohoza, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima akaita: "Dada!"

Cherehani zote za ng'ambo zikanyamaza.

"Kafa nani?" dada akajibu.

"Hajafa mtu. Njoo. Una mgeni kwangu."

Alivuka barabara na daftari kwapani. Akamwamkia Mwenyekiti kwa heshima zote, akamtazama ndugu yake kuanzia kola hadi kiatu, akasema, "Hee. Pasi unayo kumbe."

"Kaa, dada. Kiti ni changu, usikiandikie risiti."

"Nyamazeni," Mwenyekiti akasema, ingawa mdomo wake ulishaanza kucheza. "Swali la kwanza. Mpwa wangu ananiambia vyeti vya bure vipo. Kwa nini nimlipe yeyote kati yenu?"

Nusu Bei alitaka kurusha shairi. Dada akamtangulia, na hakusema uongo. "Vipo, mama, na kufuli yake haina tofauti na yetu. Hudumu kipindi kifupi, halafu programu huvihuisha yenyewe. Ukiwa na fundi wa kuitazama hiyo programu, chukua vya bure, usitupe hata senti. Tatizo linakuja siku programu ikijikwaa. Haina namba ya simu. Unampigia nani?"

"Na vyeti vya kulipia?"

"Unalipia mtu."

"Na mtu huyo kwa dada ni noti nne," Nusu Bei akadakia, "kwangu mbili! Mama, usitegemee maneno ya mtu. Toa simu yako mwenyewe, fungua tovuti yangu. Bei zote ziko pale, wazi kama kiganja. Mimi sifichi."

Mwenyekiti akatoa simu. Akaandika anwani taratibu, kwa kidole kimoja. Akangoja. Akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mbona nyekundu?"

"Nyekundu?"

"Inasema: tovuti hii si salama. Cheti kimeisha muda leo. Inaniuliza kama nataka kurudi nyuma nisije nikaibiwa."

Nusu Bei akazunguka meza. Akainama kuangalia. Kweli. Muuza makufuli, mlango wake uko wazi! Barua za kumkumbusha zilikuwa zimekuja, tena tatu. Lakini wakala hutumiwa nakala ya kila barua ya kila mteja wake, na yeye alikuwa na wateja mia nane. Barua hizo zilikuwa zimejaa kwenye kompyuta yake kama mchanga kwenye kiatu, naye alikuwa na mazoea ya kuzifuta zote kwa mkupuo kila asubuhi.

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Kinyozi hajinyoi! Uwii, jamani, kinyozi hajinyoi! Mia nane umewavisha, wewe uko uchi!" Akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Mama, pole. Sasa fungua yangu, upumzishe macho."

Mwenyekiti akaandika anwani ya pili. Akangoja. Akavua miwani, akaivaa.

"Hii nayo nyekundu."

"Haiwezekani."

"Nyekundu kama pilipili. Imeisha leo, saa nne kamili. Dakika tatu zilizopita."

Dada Risiti akafungua daftari kwa pupa, akapekua mbele, akapekua nyuma. Kurasa za wateja wote zilikuwepo, hadi mteja wa saluni iliyohamia mji mwingine. Ukurasa wake mwenyewe haukuwepo. Kwa nini uwepo? Yeye si mteja wake, na barua za kampuni hakuwa akizisoma, alitegemea daftari.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

Aliyejibu alikuwa Mama, aliyekuwa ametokea mlangoni na mabakuli yake mawili. "Leo ni mwaka mmoja tangu mgawane viti, wanangu. Mimi siisahau siku hiyo. Mlinunua hivyo vyeti vyenu asubuhi ileile, mmoja mgongo huku, mmoja mgongo kule, kila mtu anabonyeza kwa hasira awe wa kwanza."

Hapo Mwenyekiti akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, kiti kikalia, miwani ikamponyoka. Alicheka hadi mtu wa duka la rangi akapanda kuchungulia. Lakini alipomaliza alifunga mkoba wake, akasimama.

"Asanteni, wanangu, sijacheka hivi tangu mwaka uanze. Ila mimi natafuta wa kunilindia milango mia moja hamsini na miwili. Nyinyi miwili imewashinda."

Akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi. Ngazi ya kwanza. Ya pili.

Nusu Bei alimwangalia akishuka, na pamoja naye aliona duka lake likishuka. Alikuwa na beti mia kichwani za kujisifu, hata moja haikufaa. Maneno yaliyomtoka hayakuwa na vina.

"Mama, subiri! Dada yangu hajawahi kumsahau mteja. Hata mmoja. Amejisahau yeye. Mimi ndiye nimesahau wateja. Mwaka huu thelathini na mmoja wamezimikiwa, na sikuwapigia, kwa sababu kwenye nusu noti ya faida simu ya dakika tano ni hasara. Yule mwenye hoteli jana alikosa wageni siku nzima. Mpe yeye. Noti nne zake ni halali."

Mwenyekiti akasimama kwenye ngazi ya nne. Dada alikuwa anamkodolea macho ndugu yake kama mtu aliyesikia paka akiongea.

"Wewe," akasema polepole, "una homa?"

"Sina."

"Mkataba wako wa elfu moja unaisha wiki ijayo. Unadhani sijui? Ofisa wa jumla ni wetu sote, na ana mdomo. Nahesabu wateja wanaopanda ngazi zako kila siku, dirisha lile si la kupitishia hewa tu." Akageukia ngazi. "Mama, usinipe mimi peke yangu. Nitakutoza nne kwa sababu nanunua ghali, sijui kununua, mimi nikikaa na watu wa jumla naishia kuwaombea dua. Huyu mpuuzi alinunua kwa moja na nusu! Mabosi wenye suti hawajawahi kuipata bei hiyo. Yeye anunue, mimi nifuatilie. Tukiwa mbalimbali sisi ni nusu mtu na nusu mtu."

"Aliyenunua kwa moja na nusu si mpuuzi," Nusu Bei akasema.

"Ni mpuuzi anayejua kununua. Kuna tofauti."

Mwenyekiti alipanda tena ngazi nne, akiguna kwa kila moja, akarudi kitini. "Magoti yangu mtayalipia. Sasa nisikilizeni. Wakubwa wa mitandao wameshaamua umri wa vyeti ufupishwe, hatua kwa hatua, mwisho hautafika hata miezi miwili. Mnajua?"

"Tunajua," wakasema kwa pamoja, wakakasirika kwa kusema pamoja.

"Basi bei ya cheti haitakuwa kitu tena. Kazi itakuwa kufuatilia. Nataka vyeti vyake na simu zako, mkono mmoja, ankara moja, mtu mmoja wa kumlaumu. Noti mbili na nusu kwa duka, kwa mwaka, hata vikibadilishwa mara kumi."

"Tatu na nusu," akasema dada.

"Mbili na—" Nusu Bei akaanza, kwa mazoea, na kiatu cha dada kikamfikia mguuni chini ya meza. "Tatu na nusu," akasema, machozi yakimlenga.

"Mbili na robo tatu."

"Mama, hapo hata simu hazipigiki, tutabaki kupiga mbinja."

Mwenyekiti akatazama mabakuli. "Tatu. Na hicho chakula kigawanywe mara tatu."

"Mara nne," Mama akasema. "Na mimi nina mdomo."

Wakapeana mikono. Kisha Mwenyekiti akagonga meza kwa kidole: hasaini karatasi yoyote kabla hajaona tovuti zile mbili zimepona mbele ya macho yake. Nusu Bei akavuta kompyuta yake, na dada akamzuia.

"Si yako. Yako naifanya mimi, yangu unaifanya wewe. Kuanzia leo hapa hakuna anayejinyoa."

Walibadilishana viti. Kila mmoja akaagiza cheti cha mwenzake, akaweka kwenye tovuti ya mwenzake lile faili dogo la kuthibitisha umiliki, akangoja kampuni ijiridhishe. Dakika nane. Katika dakika hizo dada aliikosoa tovuti ya ndugu yake kwa rangi, kwa picha na kwa nukta, naye akamwambia yake inafanana na fomu ya kodi. Mwenyekiti alitafuna akiwatazama kama mtu aliyelipia tiketi. Halafu akachukua simu, akafungua moja, akafungua ya pili, akainua kidole gumba.

Oda ya vyeti mia moja hamsini na viwili ikaondoka saa sita na nusu mchana. Saa saba ofisa wa jumla akajibu kwa mstari mmoja: *Umevuka. Bei yako haibadiliki. Kahawa safari ijayo ni juu yako.* Nusu Bei aliusoma mara tatu kimoyomoyo, mara ya nne kwa sauti, ya tano akiwa amempakata Mama na kumzungusha, bakuli na kila kitu.

Ikabaki swali la nani ahame. "Chumba changu kina feni," akasema yeye.

"Chumba chako kinanuka rangi. Wateja wangu wataumwa kichwa, na wenye dawa ni wao wenyewe."

Akaanza kuchomoa nyaya zake. Jioni ile, jua likiwa bado kali juu ya mabati, watu wa duka la rangi na mafundi cherehani waliishusha meza yake ngazi kwa ngazi, wakilaumiana kwa kila kona. Walipofika katikati ya barabara, simu ikaita. Namba ngeni. Mmoja wa wale mia moja hamsini na wawili.

"Wekeni chini," akasema Nusu Bei.

"Hapa? Barabarani?"

"Wekeni!"

Lori la soda likasimama, nyuma yake teksi, nyuma yake pikipiki tatu, zote honi juu. Dada alikuwa dirishani amejishika kiuno, Mama kando yake akiomba radhi kwa madereva kwa mkono wa kushoto na kuwapungia kwa wa kulia. Nusu Bei akapanda, akaketi juu ya meza yake, akakunja mguu, akaziba sikio moja kwa kidole.

"Ndiyo, daktari," akasema. "Hapana, hunisumbui hata kidogo. Hebu niambie, umeona nini kwenye kioo cha simu?"